Hilux 22R inamisi ikipanda Mombo–Lushoto halafu inaacha yenyewe, mafundi watatu wameshindwa. Wadau naombeni mawazo

NjiaYaSoni (mleta uzi)

Wakuu habari za majukumu. Naleta hili kwa wanaozijua injini za petroli za zamani, hizi za kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na distribyuta (inayogawa umeme kwa plagi), maana huku kila fundi ananiambia lake na hela inazidi kuisha.

Gari ni Toyota Hilux pikapu ya 1991, injini 22R, silinda nne, cc 2366. Kazi yake ni kushusha mboga toka Lushoto mpaka Mombo, karoti, kabichi, hoho, zinapakiwa kwenye mafuso ya kwenda Dar, halafu napanda na saruji au unga wa dukani. Kilometa 33 kwenda na 33 kurudi, na aliyepita ile barabara anajua, huku jabali huku bonde, kona imeshika kona mpaka unaipita Soni.

Shida ni kwamba inamisi, yaani injini inaruka miwako. Ila haimisi muda wote na ndo hapo kichwa kinapouma. Naweza nikashuka safi kabisa, nikageuza Mombo nikaanza kupanda, nafika kona ya tatu ya nne inaanza kushtuka, tu tu tu, kama mtu anaizima na kuiwasha, mara nyingine inapiga baruti kwenye ekzosti, naenda hivo kilometa mbili tatu halafu inaacha yenyewe inakuwa gari nyingine. Nikiipeleka gereji inanguruma vizuri hakuna kinachoonekana fundi ananiangalia kama nimemdanganya. Na kuna siku za ukungu asubuhi ndo inagoma kabisa, inatembea na silinda tatu mpaka ipate moto.

Nishabadilisha plagi mara mbili, koili moja (inayozalisha umeme mkali wa plagi), kabureta imefunguliwa na kuoshwa, filta ya petroli mpya. Hesabu imeshapita laki tatu na nusu, na mpaka leo inamisi. Fundi wa mwisho anataka kufungua hedi, ile sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda, anasema ni valvu. Kabla sijamruhusu nimeona nije hapa.

Dizeli_Tupu

Mkuu pole. Mimi ningeuza nikatafuta ya dizeli, hizo petroli za kabureta ni za kuteseka tu.

NjiaYaSoni

Mkuu nashukuru ila kuuza sio jibu nililokuja nalo, hii gari ndo imesomesha watoto wangu wawili. Naomba tujadili ugonjwa.

fundi_waya

Mleta uzi usikubali hedi ifunguliwe. Nakuomba sana. Valvu iliyoungua au gasketi iliyotoboka haiji na kuondoka kila baada ya kilometa mbili, ikiharibika imeharibika, utaisikia hata ikiwa sailensa, inanguruma bila kukanyagwa, hapo gereji. Kabla mtu hajashika spana ya hedi mwambie apime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kazi ya dakika ishirini. 22R nzima inatakiwa kukaa kwenye 171 psi hivi, ikishuka chini ya 142 ndo mbovu, na silinda na silinda zisipishane zaidi ya 14.

Halafu naona umebadilisha vitu vingi ila hamna hata kimoja kilichopimwa kabla ya kutolewa. Misi ya kuja na kuondoka haikamatwi hivo. Inatakiwa uikamate ikiwa inamisi, siyo ikiwa imepona. Kwaiyo naomba majibu haya:

Inaanza ikiwa ya baridi au ya moto? Inakata ghafla kama swichi, au inaishiwa taratibu kama mafuta yanakata? Ukiwa unamisi, kanyagio umelikandamiza, umelishika sawa, au ndo unaliachia? Na siku za ukungu na siku za jua, misi ni ile ile au ni misi mbili tofauti?

Chukua daftari ukae wiki nzima unaandika. Usinunue kitu.

kijana_wa_gereji

Naunga mkono mkubwa hapo juu. Naongezea, hilo swali la ghafla au taratibu lina maana kubwa. Petroli ikikata gari inalegea, unakanyaga haina nguvu, inavuta vuta af inazima kwa upole. Umeme ukikata inakuwa kama umepigwa kofi, na ukirudi unarudi kwa kishindo, na ile baruti kwenye ekzosti ni petroli iliyopita bila kuungua imekutana na moto huko nyuma. Mi kwa maelezo yako naweka hela kwenye umeme.

Ila ili uitoe petroli kwenye orodha kabisa, kabureta ya 22R ina kakioo ka duara mbele, ikianza kumisi simama pembeni bila kuzima, fungua boneti angalia petroli iko wapi kwenye kioo. Ikiwa katikati kabureta haina kosa siku hiyo.

Chuma_Chakavu

Plagi bwana. Plagi za siku hizi feki nyingi.

fundi_waya

@Chuma_Chakavu plagi feki zipo kweli ndugu yangu, ila huyu kaweka seti mbili na ugonjwa haujabadilika hata kidogo, kwaiyo plagi tuziache kwanza.

NjiaYaSoni

Mrejesho baada ya siku nane. Kompresheni imepimwa mbele yangu: 165, 160, 165, 158. Fundi mwenyewe kakubali habari ya hedi iishe.

Daftari nimeandika, na nikiri limenifungua macho maana nilikuwa nadhani najua gari yangu. Misi ni mbili. Hazifanani kabisa.

Ya asubuhi inakuja siku yenye ukungu au mvua tu, Lushoto juu huku mnajua baridi yake na umande wa alfajiri. Silinda moja ndo haifanyi kazi, mlio ni wa kuchechemea ule wa mguu mmoja mfupi, na boneti ikishapata joto inaondoka. Plagi ya silinda ya tatu nikiitoa muda huo imelowa petroli na nyeusi, tatu zingine rangi ya maziwa ya chai.

Ya mchana inakuja na jua kali, gari ikiwa ya moto, na inakata ghafla kama kijana alivosema. Hii siyo ya silinda moja, ni injini nzima inapotea na kurudi. Kioo cha kabureta nimekiangalia mara mbili nikiwa nimesimama nayo inashtuka, petroli iko katikati.

Na kuna jambo ambalo sikuliona mimi. Kuna mama nambebea karoti huwa anakaa mbele, juzi akaniambia hivi baba, hili gari mbona halisumbui ukiwa unapanda, linasumbua ukiinua mguu kufika kona na ukikanyaga tena kutoka kwenye kona. Nikabisha moyoni. Siku ya pili nikaangalia, ni kweli tupu. Pale pananyooka kidogo hata kama ni mlima mkali naenda vizuri. Nikitoka Mombo kwenda Korogwe barabara kuu mguu umetulia haimisi kabisa hata iwe moto vipi. Sio mlima wakuu. Ni mguu.

fundi_waya

Huyo mama mpe karoti zake bure wiki hii.

Sasa tuanze na ya asubuhi maana ni rahisi. Silinda moja, unyevunyevu, plagi imelowa: umeme unavuja kabla haujafika kwenye plagi. Subiri usiku, gari nje gizani kabisa, zima kila taa, washa injini, fungua boneti. Chukua chupa ya kunyunyizia, ile ya saluni, nyunyiza maji kidogo kama ukungu kwenye waya za plagi na kepu (kifuniko) ya distribyuta. Usimwage. Simama pembeni uangalie tu.

TAFADHALI usishike waya yoyote kwa mkono na usichomoe waya ya plagi injini ikiwa inatembea. Hizi za ignaita (kifaa cha kielektroniki kinachoiamuru koili irushe moto) umeme wake ni mkali kuliko wa platini (swichi za kugusana) za zamani, utarushwa uangukie feni, na ukiacha waya hewani ignaita yenyewe inaweza kufa.

NjiaYaSoni

Nimefanya jana saa tatu usiku na kijana wangu anashika chupa. Wakuu sijawahi kuona kitu kama kile. Kunyunyiza tu, waya wa silinda ya tatu ukaanza kurusha cheche za buluu kwenda kwenye kifuniko cha valvu, cha, cha, cha, pale pale waya unapopita juu ya kibanio chake, na injini ikaanza kuchechemea ule ule mlio wa asubuhi. Kijana alirudi nyuma hatua tatu.

Leo mchana nimeitoa kepu. Kwa nje nzima. Kwa ndani nimeifuta na kitambaa nikaigeuza juani, kuna mstari mwembamba mweusi kama umechorwa na penseli ya ncha kali, unatoka kwenye mguu wa silinda ya tatu kwenda kwenye mguu wa nne. Nimeukwangua na ukucha hautoki.

kijana_wa_gereji

Mkuu, huo ni ufa, umeme umejichimbia njia. Mpangilio wa kuwaka wa 22R ni 1-3-4-2 kwaiyo tatu na nne wamekaa jirani kwenye kepu, ndo maana unaruka hapo. Haukwanguliki huo. Weka kepu mpya, rota mpya (kile kinachozunguka ndani ya kepu), waya seti nzima. Kabla hujalipia waya pima na mita, kila waya isizidi kiloomu 25, na usichukue za kupima kwa macho.

NjiaYaSoni

Nimeweka. Waya zilinisumbua kidogo, seti ya kwanza waya mmoja ulisoma 40 na kitu nikamrudishia muuzaji akanibadilishia bila maneno. Asubuhi ya leo ukungu ulikuwa hauoni hatua kumi mbele, nimewasha mara moja tu imekaa silinda nne zote. Misi ya asubuhi imekwisha, ahsanteni sana.

Ya mchana iko pale pale.

fundi_waya

Vizuri. Hiyo ndo nilikuwa naisubiri maana mafundi wengi wangebadilisha kepu, wakaona bado inamisi, wakasema basi kepu haikuwa na kosa. Ilikuwa na kosa. Ni magonjwa mawili.

Sasa tafuta taa ya taimingi ya kuazima, ile inayomulika kila umeme unapopita kwenye waya. Koleo yake usiibane kwenye waya wa plagi, ibane kwenye ule waya mkuu unaotoka koili kwenda katikati ya kepu. Pitisha waya za taa dirishani, zifunge vizuri zisiguse feni wala mkanda wala ekzosti, taa ashike mtu wa pembeni ndani ya kebini, wewe endesha na macho yako barabarani, yeye kazi yake ni taa tu. Mwanga ukikatika pamoja na kushtuka kwa gari, basi umeme unapotea kabla ya kufika kepu. Mwanga ukiendelea sawasawa wakati gari inamisi, turudi kwenye petroli na nitaomba radhi.

Na kitu cha pili kwa safari hiyo hiyo: kabalbu kadogo ka volti 12, waya mmoja kwenye chanya ya koili, mwingine athi (bodi ya gari), ukaweke kwenye dashibodi. Kakizimika gari ikimisi, shida ni swichi ya funguo au waya unaoleta moto kwenye koili.

NjiaYaSoni

Nimerudi sasa hivi na mikono ina vumbi bado ila lazima niandike. Tumepanda saa saba mchana, mimi na tingo wangu kashika taa kaielekeza sakafuni. Mombo mpaka kona ya nne mwanga unapiga mfululizo. Kona ya tano nikainua mguu, gari ikashtuka, tingo akapiga kelele IMEKATA! Nikakanyaga, imekata tena, imerudi. Tumehesabu mara kumi na moja mpaka Soni, kila ikishtuka taa imekata, hakuna hata mara moja imeshtuka taa ikiwa inawaka. Kabalbu ka dashibodi hakajapepesa hata mara moja.

fundi_waya

Safi sana. Moto unafika kwenye koili, ila koili haitoi. Kwaiyo plagi, waya, kepu, rota, swichi, petroli, valvu, vyote vimetoka. Vimebaki vitatu: koili yenyewe ambayo ni mpya, ignaita, na ile koili ndogo iliyo ndani ya distribyuta inayompa ignaita ishara ya lini arushe moto.

Na ule mguu wako unaniambia ni ipi. Sikiliza. Ubavuni mwa distribyuta kuna kidude kama kisahani cha bati kina paipu nyembamba ya mpira inayotoka kwenye kabureta. Ndo vakyumu. Ukishikilia mguu kwa upole kabureta inanyonya, kisahani kinavuta, sahani ya ndani ya distribyuta inazunguka kidogo na taimingi (muda wa plagi kurusha moto) inasogea mbele. Ukikandamiza sana au ukiachia, mnyonyo unapotea, sahani inarudi. Ile koili ndogo imekaa juu ya hiyo sahani. Waya zake mbili nyembamba zinakunjwa na kukunjuliwa kila unapopandisha na kushusha mguu, tangu 1991. Barabara iliyonyooka zimetulia. Kwenye kona zenu hizo zinacheza kutwa nzima.

Fanya hivi. Injini iwe ya moto, iko sailensa. Chomoa ile paipu upande wa kabureta, pale kwenye kabureta ziba. Weka mdomoni, vuta, achia, vuta, achia.

NjiaYaSoni

Nimevuta mara ya kwanza resi imepanda kidogo. Nikaachia ikashuka. Mara ya tatu kuvuta injini imezima palepale, tu, kama nimezungusha funguo.

Nimewasha tena nikarudia, imezima mara ya pili. Nimekaa chini kwenye tairi la akiba nikaishia kucheka mwenyewe kwa furaha. Miezi minne wakuu. Nimeipata kwa mdomo.

kijana_wa_gereji

Mkuu hongera! Sasa thibitisha na mita kabla ya kufungua mfuko. Zima gari, chomoa soketi ya zile waya mbili, weka mita kwenye omu. Nzima inasoma kati ya 140 na 180. Acha mita imeshikwa hapo halafu vuta ile paipu tena.

NjiaYaSoni

Imesoma 156. Nimevuta, 156, nimevuta zaidi kidogo, mita imeandika 1 upande wa kushoto peke yake, imekata. Nimeachia ikarudi 156. Nimeshika ule waya mweupe kwa vidole viwili taratibu, ganda la nje zima kabisa halina hata mkwaruzo, ila sehemu moja linakunjika kama uzi wa kushonea, ndani hamna kitu kimeshika. Fundi yeyote angeangalia kwa macho angesema waya mzima.

Je, nibadilishe distribyuta nzima au waya unaungika? Distribyuta ya mtumba nimeambiwa laki moja na themanini.

fundi_waya

Unaungika. Usinunue ya mtumba, waya zake zina umri ule ule na zimekunjwa mara zile zile.

Toa distribyuta, ila kabla hujaitoa peleka injini kwenye alama ya pistoni ya silinda ya kwanza kuwa juu kabisa, weka alama ya rangi rota inapoelekea na nyingine kati ya mwili wa distribyuta na injini. Kata zile waya mbili zote, hata ule unaoonekana mzima, uunge waya laini yenye nyuzi nyingi nyembamba, sio ule mgumu wa redio. Choma risasi ya kuungia waya, vika mpira wa kubana kwa joto, na jointi ziwe mahali ambapo hapakunjiki. Acha waya uwe na urefu wa ziada kidogo ujikunje kama upinde, usivutwe sahani ikizunguka. Na hakikisha hujageuza waya, uliokuwa huku uwe huku, ukizigeuza taimingi itakuvuruga.

Ukirudisha angalia nafasi kati ya jino la rota ya ishara (kile chuma chenye meno ndani ya distribyuta) na hiyo koili ndogo, iwe milimita 0.2 mpaka 0.4. Tumia geji ya shaba au ya plastiki, ya chuma inavutwa na sumaku unaona imebana kumbe haijabana. Halafu seti taimingi kwa taa, paipu ya vakyumu ikiwa imechomolewa na kuzibwa, fuata namba ya stika iliyo chini ya boneti yako.

NjiaYaSoni

Mrejesho. Imeungwa juzi na fundi redio mmoja wa hapa mjini, yule ana mkono mwepesi wa risasi kuliko fundi gari yeyote ninayemjua. Gharama elfu kumi na mbili pamoja na waya. Geji ya shaba sikupata, nimekata kadi ya vocha ya zamani nikaipima unene kwa vernia ikatoka 0.3, nimetumia hiyo.

Nimepanda safari sita tangu hapo, mbili zikiwa na mifuko ishirini ya saruji. Sijashtuka hata kona moja. Nimefika Soni jana nikazima redio ili niisikilize vizuri, ni mlio mmoja tu mpaka Lushoto.

Mbeya_Hiace

Wakuu nimefuatilia uzi wote. Yangu ni Hiace ya injini 3Y, kabureta, inamisi mlimani vile vile halafu inapona. Kwaiyo nibadilishe hizo waya za ndani ya distribyuta?

NjiaYaSoni

Usibadilishe kaka. Vuta kwanza paipu, na utuambie inakata ghafla au inalegea.

Mbeya_Hiace

Nimevuta mara kumi haijatikisika. Na inalegea, haikati. Leo imelegea mlimani nikasimama, nikafungua mfuniko wa tenki kwa kubahatisha, ukavuta upepo fyuuu kama umefungua soda, nikawasha ikaenda.

fundi_waya

Tundu la hewa la mfuniko limeziba, tenki linajinyonya na pampu inashindwa kuvuta. Usafishe mfuniko au uweke mwingine wenye tundu. Kwa leo rudi nyumbani mfuniko umeulegeza nusu mzunguko, tenki lisiwe limejaa, na usivute sigara.